Ipunguze Ukali

Sura ya Sita

"Kitendawili," alisema mshonaji, nusu ya uso wake ikiwa imefunikwa kitambaa kibichi.

"Mama, nimekuja kuchukua maelezo," mpelelezi akajibu.

"Maelezo hayana miguu, hayatakimbia. Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nina koti nililozaliwa nalo. Nikioga silivui, nikilala silivui, na fundi wa kunishonea jingine hajazaliwa."

Mpelelezi alikuwa mwanamke wa makamo, na kituo kizima kilimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku ile dari ilipovuja juu ya mafaili. Akaweka daftari lake juu ya cherehani, akafikiri, akashindwa.

"Nakupa mji."

"Mji gani? Usinipe kijiji."

"Sina mji, mama. Nina kile kituo chetu kinachovuja."

"Nimekipokea hivyo hivyo na mvua yake. Jibu ni ngozi." Mshonaji akakiondoa kitambaa. "Na koti langu mimi, mwanangu, limeungua."

Shavu la kushoto lilikuwa jekundu, limevimba, linabanduka vipande vipande kama rangi kwenye ukuta wa bafu. Taratibu alimsogeza mpaka dirishani palipo na mwanga, akatazama, akaandika. Jicho lilikuwa salama.

"Jicho linaona?"

"Linaona. Jana nimetunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu, nikamshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakadhani nimepata posa."

Huyu alikuwa wa tatu. Alhamisi alianza mke wa fundi viatu, Ijumaa akafuata nesi wa zahanati, Jumamosi mshonaji. Wote watatu walipaka losheni ya uso inayopikwa na jirani yao mmoja, mwanamke ambaye mtaa mzima humwita Mama Povu. Leo ilikuwa Jumatatu, na mkuu wa kituo alikuwa ametoa muda mpaka saa kumi alasiri. Ikionekana sumu imetiwa kwa makusudi, mtu atalala ndani leo leo. Jina lilikwisha kuandikwa kwa penseli juu ya faili: Wifi.

Wifi ni dada wa mume wa Mama Povu. Mume mwenyewe ni dereva wa lori, mwezi mzima yuko barabarani. Dada huyu alifiwa na mumewe, akahamia kwa kaka yake wiki tatu zilizopita na mtoto wa miezi mitano ambaye bado ananyonya. Mtaa ukasikia Mama Povu akimwita "wifi", nao ukachukua jina hilo hilo, ikawa hata watoto wa jirani wanamwamkia, "Shikamoo, Wifi."

"Ulipopaka ulisikia nini?" Taratibu aliuliza.

"Ilichoma. Lakini si unatujua wanawake? Kitu kikichoma tunasema, aa, dawa inafanya kazi. Nikavumilia usiku mzima kwa ujinga wangu."

"Kingine?"

"Iliteleza. Nilinawa mikono mara tatu, vidole bado vinateleza kama nimeshika sabuni."

Taratibu akaandika neno *kuteleza*, akalipigia mstari.

"Nani alikuuzia?"

"Wifi mwenyewe. Kanichagulia chupa, kaniambia, 'Chukua hii, mama, nimeipika kwa mkono wangu.' Na anacheka." Mshonaji akarudisha kitambaa shavuni. "Sikiliza, afande. Mimi sina ugomvi na mtu. Lakini nesi ametuambia habari za mkorogo, kwamba mle ndani watu hutia zebaki, na zebaki inakula figo. Nina wajukuu wawili nawalea kwa hii cherehani. Nimeandikisha mashtaka na siyafuti mpaka nijue nimepakwa nini na kwa nini."

"Una haki. Chupa iko wapi?"

Chupa ilikuwa nyeupe, nusu imetumika. Shingoni ilifungwa uzi wa bluu.

"Uzi ni wangu," alisema mshonaji. "Vipande vinavyobaki nampa Mama Povu. Kila siku ya kupika ina rangi yake. Bluu ni Jumanne."

Taratibu akatoa mfukoni mfuko wa karatasi. Chupa ya mke wa fundi viatu, uzi wa bluu. Chupa ya nesi, uzi wa bluu.

"Kwaheri, mama."

"Kwaheri. Na kituo changu ukilinde."

*

Simu ya mkemia wa maabara, aliyekuwa amepelekewa kijiko cha losheni ile, ilimkuta Taratibu njiani, kando ya duka la vioo. Aliingia kwenye kivuli cha ukuta, akafungua daftari.

"Zebaki hamna," alisema mkemia. "Dawa ya kuchubua hamna. Nimepima mara mbili."

"Asante. Nimefurahi kuliko unavyodhani."

"Usifurahi haraka. Kipimo chake cha pH ni kumi na nusu."

"Nieleze kama mtu aliyeishia darasa la saba."

"Pima kutoka sufuri mpaka kumi na nne. Saba ni maji safi. Ukishuka chini ya saba unakwenda kwenye siki na ndimu. Ukipanda juu ya saba unakwenda kwenye magadi na majivu. Ngozi ya uso hukaa tano hivi, yaani ina uchachu kidogo. Uchachu ule ndio komeo la mlango: unazuia vijidudu wasiingie na unyevu usitoke. Losheni nzuri hukaa hapo hapo kwenye tano, au tano na nusu. Hii ya kwako imeling'oa komeo. Ukinawa kwa sabuni ya kawaida mlango unatikisika kidogo halafu unarudi, maana unaisuuza. Losheni unalala nayo."

"Na ndiyo sababu inateleza?"

"Ndiyo sababu. Mafuta ya ngozi yenyewe yanaanza kugeuka sabuni."

"Imefikaje kumi na nusu?"

"Mimi napima tu, dada. Kujua imefikaje ni mshahara wako wewe."

Taratibu akafunga daftari. Ndani ya faili kulikuwa na karatasi moja zaidi, maelezo ya muuza maji anayekaa ukuta mmoja na Mama Povu. Alieleza kwamba Jumatatu jioni, siku moja kabla ya upishi wa uzi wa bluu, alimsikia Wifi akipaza sauti: "Nitakuonyesha!"

*

Mama Povu alikuwa na mikono mipana na aproni ya plastiki. Alikuwa amepanga chupa zote za uzi wa bluu alizoweza kukusanya mitaani juu ya meza ya bati.

"Karibu, afande. Kiti hicho kina mguu mbovu, kalia hiki. Chupa zilikuwa arobaini. Nimerudishiwa thelathini na sita, tatu mnazo ninyi, moja sijaiona."

Chumba kilikuwa kimoja, nyuma ya nyumba, kimepakwa chokaa. Mizani, ndoo mbili zenye vifuniko, sufuria kubwa, mwiko wa mbao, na rafu. Juu ya rafu, pakiti ya unga wa ndimu na bati la magadi vilikaa bega kwa bega. Vyote viwili unga mweupe.

"Unga wa ndimu unautumia wapi?"

"Kwenye losheni. Ikitoka kupikwa huwa juu, kwenye tisa. Natia unga wa ndimu kidogo kidogo, nachovya karatasi za kupimia mpaka rangi ishuke. Kila nikitumia naweka mstari hapa na siku yake, nisije nikaishiwa bila kujua."

Taratibu akaigeuza pakiti. Mstari wa Jumatatu ulikuwepo. Wa Jumatano ulikuwepo. Wa Jumanne haukuwepo.

"Na magadi?"

"Kusugulia sufuria tu. Bati hilo nimelifungua Jumatatu iliyopita, bado limejaa."

Taratibu akafungua kifuniko. Katikati ya magadi kulikuwa na shimo lililochotwa kwa kijiko. Mama Povu akachungulia.

"Nipe visahani viwili."

Katika kimoja Taratibu akamimina losheni ya uzi wa bluu, katika kingine losheni ya uzi wa kijani, ya Jumatano. Akakoroga unga wa ndimu kwenye glasi ya maji, akadondosha matone kila upande. Uzi wa kijani ukatulia kama uji uliopoa. Uzi wa bluu ukachemka palepale, vipovu vikapanda mpaka ukingoni.

"Ndimu ikikutana na magadi lazima wapigane," alisema Taratibu. "Jumanne ulikuwa wapi?"

"Nilimpeleka mama yangu kliniki ya macho. Niliondoka asubuhi losheni inapoa."

"Ukamwachia nani?"

Mama Povu alikausha mikono ambayo haikuwa na maji. "Wifi."

"Mwite."

Wifi aliingia na mtoto mgongoni, shuka limefungwa vizuri kifuani, mtandio umefunika mpaka shingo. Alikuwa binti mwembamba, macho yamevimba. Akaamkia, akabaki amesimama.

"Jumanne ulitia nini kwenye losheni?"

"Magadi."

Mwiko ulimtoka Mama Povu mkononi. "Wifi!"

"Vijiko vingapi?" Taratibu hakuinua sauti.

"Vinne. Nilitia kimoja, nikachovya karatasi, nikatia kingine, mpaka ikabadilika."

"Nani alikuambia utie?"

"Wifi yangu."

"Mimi?" Mama Povu akajipiga kofi pajani. "Mimi nimekuambia utie magadi kwenye nyuso za watu? Jamani, nimekupa chumba, nimekupa kitanda, leo unanipa pingu!"

"Ulisema mwenyewe, wifi! Mlangoni pale, mkoba begani, unasema unachelewa!"

"Muongo mkubwa wewe!"

"Tulieni," alisema Taratibu. "Jumatatu jioni, Wifi, ulipiga kelele 'Nitakuonyesha.' Ulitaka kumwonyesha nini?"

Mtoto akaanza kulia. Wifi akamtikisa mgongoni. Mama Povu ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya chini kuliko mwanzo.

"Hilo ni langu, afande. Nilimtania. Nilimwambia, wewe ulikaa miaka sita kwenye jiko la hospitali, lakini losheni huiwezi, utatupikia uji. Akasema, 'Nitakuonyesha!' Tulicheka mpaka mtoto akaamka."

Taratibu alilisikia, ila hakuliandika. Mawifi hutaniana, na mawifi pia huumizana, na kwa nje huwezi kujua kicheko ni kipi. Akachana karatasi mbili kutoka kwenye daftari, akatoa kalamu mbili.

"Mama Povu, kaa hapa mezani. Wifi, mpe mwenzako mtoto, wewe kakae uani, unipe mgongo. Kila mtu aandike maneno yaliyosemwa Jumanne mlangoni. Sitaki maana yake, nataka maneno kama yalivyotoka mdomoni."

Mama Povu akampokea mtoto, akamlaza begani bila kufikiri, akaandika kwa mkono mmoja. Mtoto akanyamaza. Taratibu akaliona hilo pia.

Baada ya dakika tano alikuwa na karatasi mbili. Akaziweka sambamba, akazisoma, akazisoma tena.

Ya Mama Povu ilisema: *Wifi, hiyo bado kali. Ipunguze ukali mpaka karatasi ibadilike rangi, ndiyo ujaze chupani.*

Ya Wifi ilisema: *Hiyo bado kali wifi. Ipunguze ukali mpaka karatasi ibadirike rangi ndio ujaze chupani.*

Waongo wawili hawaandiki hivyo, na mkweli mmoja na muongo mmoja hawaandiki hivyo. Taratibu akaenda mpaka uani.

"Wifi, nitajie kitu kikali."

Binti akashangaa. "Kikali vipi?"

"Kikali tu. Cha kwanza kinachokujia."

"Ndimu," alisema Wifi. "Embe bichi."

"Jikoni hospitalini, mchuzi ukizidi ndimu mlifanya nini?"

"Tunatia chembe ya magadi. Ukali unakatika, wagonjwa wanakula."

Taratibu akarudi ndani. "Mama Povu, nitajie kitu kikali."

"Magadi," alijibu Mama Povu hapo hapo. "Majivu. Sabuni ambayo haijakomaa, ile inayokula vidole."

Halafu akayasikia maneno yake mwenyewe. Mkono uliokuwa ukimpigapiga mtoto mgongoni ukasimama.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe nilimtuma mwenyewe."

"Ulimwambia aipunguze ukali. Kwako wewe, ukali uko juu, kwenye magadi, unaupunguza kwa ndimu. Kwake yeye ukali uko chini, kwenye ndimu, anaupunguza kwa magadi. Nyote mmesema Kiswahili safi."

"Lakini karatasi! Rangi si angeiona?"

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. "Niliiona, wifi. Ulisema mpaka ibadilike. Ilikuwa ya kijani inayoelekea bluu, ikawa bluu ya wino. Imebadilika. Mimi ningejua wapi kwamba ilitakiwa kwenda upande wa pili? Hukunifundisha upande, ulinifundisha kubadilika."

Mama Povu akalisukuma bati la magadi mbali na pakiti ya ndimu.

"Bado moja," alisema Taratibu. "Chupa ya arobaini iko wapi?"

Wifi akainamisha kichwa. Polepole akaulegeza mtandio. Shingo yote, kutoka sikioni mpaka begani, ilikuwa nyekundu na kubanduka kama shavu la mshonaji.

"Ya kwanza kuijaza nilijiwekea mimi, nikaanza kujipaka shingoni. Nilikuwa na furaha, afande. Nilidhani ni joto na shuka la mtoto linanisugua. Nilipowasikia wengine nikaogopa kusema, nikajua mtasema mwizi wa losheni naye kaungua."

Mama Povu alimwita "pumbavu wee" kwa sauti iliyokatika katikati. Alimrudishia mtoto, akachukua maji safi kwenye bakuli na kitambaa laini, akaanza kuiosha ile shingo kwa vidole vya mtu anayeosha yai. Taratibu akatazama saa yake, na kwa mara ya kwanza kalamu yake ikaenda haraka.

*

"Saa kumi kasoro robo," alisema mkuu wa kituo. "Nani analala ndani?"

"Hakuna aliyetia sumu kwa makusudi, mkuu. Ripoti hii hapa, na karatasi zao mbili hizi hapa. Lakini mlalamikaji ameandikisha mashtaka, na kuyafuta ni hiari yake."

"Basi mwite aamue. Ikifika saa kumi hajafuta, namfungia binti."

Mama Povu na Wifi walikaa kwenye benchi la ukumbini, bega kwa bega, mtoto akiwa amelala juu ya mapaja ya wote wawili. Mshonaji aliletwa akapita mbele yao bila kugeuza shingo, akaingia chumbani kwa Taratibu, akatazama dari.

"Kweli kinavuja."

"Kaa, mama. Kwanza: zebaki hamna. Mkemia amepima mara mbili. Magadi ndiyo yalizidi, kipimo kumi na nusu badala ya tano."

Mshonaji akakaa. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Figo zangu ni zangu?"

"Ni zako. Nesi amesema usuuze kwa maji safi, upake mafuta mepesi yasiyo na manukato, ukae mbali na jua na usiweke sabuni hapo. Ngozi itaurudisha uchachu wake yenyewe. Wiki mbili, tatu."

"Alhamdulillahi," alisema mshonaji. "Aliyeniumba na koti linalojishona lenyewe, ashukuriwe." Akajifuta jicho la upande usioungua. "Haya. Umeniambia nilichopakwa. Bado kwa nini."

"Kitendawili," alisema Taratibu.

Mshonaji akainua nyusi. "Wewe? Haya, tega."

"Ndugu wawili wana jina moja. Mmoja anakaa kwenye ndimu, mwenzake anakaa kwenye magadi. Ukimwita mmoja huitika mwingine, na wakikutana wanatokwa na povu. Mama mmoja alimtuma wifi yake amtoe mmoja nyumbani. Wifi kwa mapenzi yote akamtoa ambaye hakutumwa kumtoa, akamkaribisha aliyekatazwa, na kwanza akamkaribisha shingoni mwake mwenyewe."

Mlango ulikuwa wazi. Kutoka pale alipokaa mshonaji, benchi lilionekana. Mtandio wa Wifi ulikuwa umeshuka ili shingo ipate hewa. Mama Povu alikuwa akiipepea kwa kifuniko cha ndoo alichokuja nacho bila kujua. Mshonaji aliitazama ile shingo kwa muda.

"Kigumu," alisema.

"Fikiri, mama. Bado dakika sita."

"Nimefikiri. Kimenishinda. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Mimi masikini wa Mungu, mji nitautoa wapi? Kituo chako nakurudishia, kinavuja." Akavuta faili lililokuwa mezani, akageuza ukurasa wa mashtaka, akatia sahihi chini, pale palipoandikwa *Nimeyafuta kwa hiari yangu*. "Nakupa haya. Yapokee."

"Nimeyapokea. Asante, mama."

"Asante wewe uliyekwenda taratibu. Mwingine angekimbia, angemkamata."

Alitoka mpaka ukumbini. Wifi akainuka, akapiga magoti. Mshonaji akamwinua kwa kiwiko, akamwambia kesho aje na huyo mtoto achukue nyuzi, rangi nyingine, hiyo bluu ameichoka. Kisha akamgeukia Mama Povu.

"Na wewe, bibie, kuanzia leo usimwambie mtu *kali*. Mwambie namba."

"Tano, mama," alisema Mama Povu, machozi yakimtiririka. "Nitaibandika ukutani kubwa kama mlango. Tano."

Mshonaji alipofika kwenye ngazi alisimama, akageuka kumtazama Taratibu aliyekuwa mlangoni na faili mkononi.

"Jibu ni ukali," alisema. "Nilijua tangu uliposema ndimu."